Nani anakusemea kwenye intaneti? Kisa cha kura 130 za Afrika

Umepokea meseji: "Akaunti yako itafungwa leo, bonyeza hapa." Linki ina jina la benki yako kabisa, ila wameliongezea kistari na neno "huduma". Ukibonyeza na kuweka namba ya siri, umeliwa.

Wengi tunaishia kumlaani tapeli. Wachache wanauliza swali la pili: nani alimuuzia jina hilo, na nani anaweza kulizima?

Jibu linakupeleka hadi Los Angeles, Marekani, kwenye shirika linaloitwa ICANN.

ICANN ni shirika lisilo la faida, lilianzishwa mwaka 1998. Halimiliki intaneti, halijui unaangalia video gani, na bando lako likiisha halikusaidii. Kazi yake ni kuratibu majina na namba. Ukiandika anwani ya tovuti ukiwa Mwanza, na ndugu yako akaandika hiyohiyo akiwa Muscat, mnafika sehemu moja kwa sababu kuna mtu anapanga majina yasigongane. Kampuni zinazoendesha na kuuza majina yanayoishia na .com, .org au .africa zinafanya kazi kwa mikataba ya ICANN. (Ya .tz na .ke ni habari nyingine, sera zake zinaamuliwa nyumbani.)

Sasa, wanaokaa mezani kuandika mikataba hiyo ni nani? Wauza majina wapo. Serikali zipo. Kampuni kubwa na mawakili wao wapo, mafundi wa mitandao wapo. Wewe unayeshika simu je?

Siku dunia ilipopiga kura

Kuna mwaka mmoja tu ambao watumiaji wa kawaida waliambiwa: chagueni wakurugenzi wenyewe. Ilikuwa 2000. Sharti lilikuwa uwe na umri wa miaka 16 au zaidi, uwe na barua pepe na anwani ya posta. Namba ya siri ya kupigia kura ilitumwa kwa barua, ya karatasi! Fikiria hilo kwa mtu wa kijijini ambaye sanduku la posta ni la shule, na barua inafika ikipenda.

Watu zaidi ya 158,000 walijiandikisha. Waliokamilisha usajili walikuwa kama 76,000, na waliopiga kura mwezi Oktoba ni 34,035.

Hesabu ya mabara ndiyo inayouma. Asia na Pasifiki kura 17,745. Ulaya 11,309. Amerika ya Kaskazini 3,449. Amerika ya Kusini na Karibea 1,402. Afrika? Kura 130. Bara zima, chini ya watu wanaojaa mabasi matatu ya mkoani.

Hata hivyo Afrika ilipata kiti chake kimoja kama mabara mengine, na aliyeshinda ni Nii Quaynor wa Ghana, mmoja wa waliohangaika kuleta intaneti Afrika Magharibi. Ulaya walimchagua Andy Mueller-Maguhn, kutoka kundi la wadukuzi la Ujerumani. Wakubwa hawakufurahi sana.

Wakosoaji walisema uchaguzi wa namna hiyo ni ghali, na kwamba nchi moja ikihamasishana inaweza kuteka kiti cha bara. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ila dawa iliyochaguliwa ilikuwa kali mno: mwaka 2002 mfumo ukabadilishwa, uchaguzi ukafutwa.

Kilichobaki

Badala yake ikaundwa kamati ya watumiaji, ALAC. Ina watu 15, watatu kutoka kila kanda kati ya kanda tano. Kanda ya Afrika ina umoja wake unaoitwa AFRALO. Kamati inatoa ushauri, na bodi inaweza kuusikiliza au kuuacha.

Kuanzia 2010 watumiaji walirudishiwa kiti kimoja chenye kura kwenye bodi. Kimoja kati ya 16. Na tangu Oktoba 2016, serikali ya Marekani ilipoacha usimamizi wake, ALAC ni mojawapo ya makundi matano ambayo yakiungana yanaweza kukataa bajeti au hata kuwaondoa wakurugenzi. Kwenye karatasi hilo ni panga kali. Kulichomoa ndiyo kazi.

Je, kelele zinasaidia? Mwaka 2019 ICANN ilitaka kuondoa ukomo wa kupandisha bei ya majina ya .org, yanayotumiwa sana na misikiti, makanisa, vikundi na mashirika ya misaada. Maoni zaidi ya 3,000 yalitumwa, karibu yote yakipinga. Ukomo ukaondolewa vilevile.

Miezi michache baadaye ikatangazwa kwamba kampuni inayoendesha .org itauzwa kwa wawekezaji binafsi kwa dola bilioni 1.135. Hapo mashirika yakachachamaa, barua zikamiminika, na mwanasheria mkuu wa jimbo la California akaandika ya kwake. Tarehe 30 Aprili 2020 ICANN ikakataa. Kwa hiyo kelele peke yake haikutosha. Kelele iliyopata mtu mwenye rungu la sheria ndiyo iliyofanya kazi.

Turudi kwa tapeli wako. Tangu Aprili 2024 mikataba imebadilishwa: muuza majina akipewa ushahidi wa kutosha kwamba jina linatumika kuiba taarifa za watu, lazima achukue hatua haraka. Pia lazima aweke wazi sehemu ya kupokea malalamiko. Watumiaji kupitia ALAC walikuwa wamelipigia debe jambo hili kwa miaka. Kwa hiyo linki ya wizi usiifute tu, piga picha ya skrini, tafuta muuzaji wa jina hilo, mpelekee.

Kujiunga na AFRALO ni bure, na mtu binafsi anaruhusiwa. Vikao vingi ni vya mtandaoni. Mikutano mikubwa nayo husogea jirani: Nairobi ilikuwa mwenyeji 2010, Kigali 2024.

Kikwazo ni lugha. AFRALO inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, na wakalimani wa mikutano mikubwa ya ICANN wanatumia lugha sita za Umoja wa Mataifa. Kiswahili hakimo. Mama anayeuza vitenge kwa simu pale Tandika, aliyetapeliwa kwa linki, ana ya kusema kuliko mawakili kumi, lakini kwanza atafute wa kumtafsiria.