Lori Linapolia Njuga Chini: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri

Malori mengi yanayotoa mbao, nguzo, viazi mviringo na parachichi katika mashamba ya Kifanya na kata jirani ni ya umri mkubwa. Ni Fuso na Isuzu zilizokwisha kutumika miaka mingi kwingine kabla ya kuanza kupanda vilima vya Njombe. Katika magari ya namna hii hutokea kero moja inayofanana: mlio wa vyuma kugongana chini ya bodi, unaosikika gari likipita kwenye makorongo, ukatoweka likishika lami. Gari likifikishwa kwa fundi mjini Njombe au Makambako, huwa kimya kama lililofundishwa adabu. Fundi hubahatisha shokapu, mwenye gari hulipa, na kesho yake mlio uko pale pale.

Kero hiyo si ya masikio tu. Mlio unaosababishwa na bati la ekzosi unaweza kuvumiliwa hata mwezi mzima bila madhara. Mlio wa krosi ya propela iliyokwisha ni jambo jingine kabisa: propela ikikatika mbele, ncha yake huanguka chini huku gari likikimbia, na inaweza kupiga mabomba ya breki. Dereva asiyejua tofauti ya milio hiyo miwili hana budi kuitafuta, kwa maana kwenye mteremko, gari likiwa na shehena ya mbao, hapatakuwa na nafasi ya kujifunza.

Ugumu wa kazi hii unatokana na chesisi yenyewe. Zile nguzo mbili ndefu za chuma hupitisha sauti kutoka nyuma hadi mbele, hata pini ya springi ya nyuma ikigonga, dereva huisikia kana kwamba iko chini ya miguu yake. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe mlio unatoka wapi. Liwe mlio unatokea lini.

Jaribio la awali hufanyika gari likiwa limesimama mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu yamewekewa kabari. Injini iwashwe, gia iwe huru, kisha mafuta yaongezwe taratibu. Mlio ukisikika hapo, magurudumu, springi na propela huondolewa katika orodha, kwa kuwa havitembei. Kinachobaki ni vitu vinavyotikiswa na injini: klempu za bomba la moshi, silensa iliyooza ndani, mabati ya kuzuia joto, mipira inayobeba injini. Mlio unaobadilika pale klachi inapokanyagwa huelekeza kwenye klachi au giaboksi. Upo pia mlio unaosikika katika mwendo mmoja tu wa injini, ukapotea mwendo ukizidi au kupungua. Huo mara nyingi ni wa kipande chepesi kilicholegea, ambacho hutikisika sana pale tu mtetemo wa injini unapolingana na wa kwake.

Mlio usiposikika gari likiwa limesimama, huna budi kusubiri litembee. Hapo dereva apite polepole, dirisha likiwa wazi, kando ya ukingo wa udongo uliochimbwa au ukuta mrefu. Ukingo hurudisha sauti, na upande unaolia hujulikana haraka kuliko kwenye eneo la wazi. Breki zikanyagwe kidogo sana, bila kusimamisha gari: mlio ukikatika hapo hapo, viatu vya breki au springi zake ndani ya drami vinastahili kufunguliwa. Mlio wa kishindo kimoja, unaotokea gari linapoanza kuondoka au dereva anapoachia mafuta na kuyakanyaga tena, huashiria krosi za propela. Mvumo unaozidi kadiri gari linavyokimbia, bila kujali gia iliyotumika, huweza kutoka kwenye senta beringi, ile inayoshikilia propela katikati pale inapokuwa ya vipande viwili. Na mgongo wa haraka unaofuata mzunguko wa gurudumu wakati mwingine ni jiwe lililobanwa kati ya tairi mbili za nyuma. Jiwe hilo huchanwa na kuondolewa gari likiwa limesimama, mapema, kwa sababu likichomoka huruka kwa nguvu ya kumjeruhi mpita njia.

Mzigo nao ni shahidi. Lori tupu hulia kuliko lililojaa, kwa kuwa springi zisizobeba uzito huchezacheza kwenye pini na vishikio vyake. Tairi la akiba lililoning'inizwa chini kwa mnyororo uliolegea, sanduku la spana na ubao wa pembeni wa bodi pia hulia wakati huo. Vitu hivi vikaguliwe kwanza, maana havigharimu kitu. Kinyume chake, mlio unaozaliwa gari linapojazwa huelekeza kwenye jani la springi lililovunjika, au boliti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Boliti hizo zikilegea, ekseli inaweza kuhama mahali pake.

Baada ya maswali hayo ndipo mtu aingie chini ya gari, na aingie na tochi. Chuma kinachosuguana hujitangaza: pembeni mwa nati iliyolegea huonekana vumbi jekundu la kutu, na mahali vyuma viwili vinapogongana hung'aa huku sehemu nyingine zote zikiwa zimefunikwa na tope. Lori lililooshwa jana huwa limefuta ushahidi huo, kwa hiyo lisioshwe kabla ya ukaguzi. Nati inayotiliwa shaka iwekewe kidole upande mmoja, igongwe kwa nyundo ndogo upande wa pili. Iliyolegea husikika ikicheza chini ya kidole. Propela ishikwe kwa mikono miwili na kuzungushwa kushoto na kulia karibu na krosi. Mchezo mdogo wa meno ya difu ni wa kawaida, lakini krosi yenyewe haitakiwi kucheza ndani ya vikombe vyake.

Utingo asitumwe chini ya lori linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ya mafuta inaweza kushuka bila kutoa ishara, na ardhi ya Kifanya wakati wa masika hulainika. Stendi za chuma au magogo mapana yawekwe chini ya ekseli kwanza, na funguo zitolewe kwenye swichi ili mtu mwingine asiwashe injini. Bodi ya tipa iliyoinuliwa ifungiwe nguzo yake.

Ikibainika kuwa mlio ni wa propela, nati za gurudumu, boliti za springi au usukani, lori lisitembee hadi litengenezwe, hata kama mzigo unasubiriwa sokoni. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Nati za gurudumu lililofunguliwa zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100, kwani hulegea zikishakaa.

Barabara nayo ina sehemu yake. Matuta madogo madogo yanayofuatana kwenye changarawe hulegeza boliti nyingi zaidi kuliko shimo moja kubwa. Barabara za vijijini na za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu ya Makambako, Njombe hadi Songea iko chini ya TANROADS. Mkazi anayeona kipande kilichoharibika atoe taarifa katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, akitaja kijiji na mahali penyewe, kwa mfano darajani au njia panda, ili watakaokuja kukarabati wapafikie bila kuuliza.