Taa Ilipoacha Kuungua, Faida Ikahamia Majini

Kabla ya taa za LED, Mmarekani au Mjerumani aliyefuga matumbawe sebuleni alikuwa mteja wa kudumu wa muuza balbu. Taa ya metali halaidi ya wati 400 ikiwaka saa 10 kwa siku hula uniti 4 za umeme, karibu uniti 1,460 kwa mwaka. Joto lake nalo liliwalazimu wengi kununua mashine ya kupoza maji. Balbu hufifia na kubadilika rangi hata kabla haijaungua, kwa hiyo desturi ilikuwa kuibadilisha kila baada ya mwaka hivi. Kwa mwenye duka, hiyo ilikuwa kodi ya nyumba inayolipwa bila kudaiwa.

Kodi hiyo imekauka. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, akiwa katika kampuni ya Nichia nchini Japani, alitoa LED ya buluu yenye mwanga mkali, kazi iliyompatia Nobel ya Fizikia mwaka 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Buluu ndiyo hasa inayohitajiwa na matumbawe. Maji ya bahari humeza wekundu ndani ya mita chache, na kinachofika chini ni buluu. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia sana mwanga wa kati ya nanomita 400 na 480 kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenyeji wake. Mwanga huohuo huyafanya matumbawe mengi yang'ae kijani na machungwa, jambo ambalo wauzaji wanalijua vizuri. Mnunuzi mwerevu huomba taa nyeupe iwashwe kwanza ndipo atoe pochi.

Waliotangulia hawakufaidi. Kampuni ya PFO Lighting ya Marekani ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuza taa ya LED ya matumbawe, iliyoitwa Solaris. Mwaka 2007 kampuni nyingine, Orbital Technologies ya Wisconsin, ikapata hataza inayohusu taa za LED za matangi ya viumbe wa baharini, na mgogoro ukaishia PFO kufunga milango. Soko lilikuja kukamatwa na akina EcoTech Marine wa Pennsylvania na AquaIllumination wa Iowa, kwa taa zinazoongozwa kwa kompyuta au simu na kudumu miaka mingi. Hapo ndipo tatizo la kibiashara lilipozaliwa: mteja aliyenunua taa ya miaka mingi atarudi dukani kufuata nini?

Atarudi kwa ajili ya maji.

Tumbawe hujenga kiunzi chake kwa kaboneti ya kalsiamu, na malighafi huichota majini. Bahari ina kalsiamu takriban miligramu 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na ualkali wa digrii 7 hivi kwa kipimo cha Kijerumani, na akiba yake haiishi. Tangi halina akiba hiyo. Kila miligramu 20 za kalsiamu kwa lita zinazogeuka kiunzi huondoka na digrii 2.8 za ualkali, na mwenye tangi asiporudisha vyote viwili, ukuaji husimama.

Kinachochekesha ni bei ya marejesho hayo. Tangi la lita 60 linalopoteza digrii moja ya ualkali kwa siku linahitaji gramu 1.8 tu za bikaboneti ya sodiamu, chini ya nusu kijiko cha chai, unga uleule wa kuumulia keki. Ukiyeyushwa na kutiwa kwenye chupa yenye picha ya tumbawe, bei yake hupanda mara kadhaa. Bulk Reef Supply ya Minnesota ilijijengea jina kwa kukwepa chupa hizo na kuuza unga kwa mifuko mikubwa.

Njia nyingine ni maji ya chokaa, iliyoenezwa na Peter Wilkens huko Ulaya. Watu wa Lamu na Unguja walichoma mawe ya matumbawe kupata chokaa ya kujengea. Kwenye tangi chokaa inadondoshwa majini, tone baada ya tone, ili irudi kuwa tumbawe. Lazima iende polepole, kwa kuwa pH yake inazidi 12.

Hata hivyo, fedha nzito iko kwenye vipimo. Kifaa cha Trident cha Neptune Systems ya California hupima ualkali, kalsiamu na magnesiamu chenyewe mara kadhaa kwa siku, na vitendanishi vyake huisha baada ya miezi michache. Triton ya Ujerumani hupokea sampuli za maji kwa posta na kurudisha orodha ndefu ya elementi. Mwenye tangi dogo ndiye mteja mtamu kuliko wote. Lita 60 zikipoteza lita moja kwa siku kwa mvuke, siku tatu bila kujaziwa hupandisha chumvi kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 37. Hivyo atanunua kifaa cha kujazia maji. Na akibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, atatumia karibu kilo 11 za chumvi kwa mwaka.

Matumbawe yenyewe yamekuwa bidhaa ya kisiasa. Yale yenye kiunzi kigumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2018 Indonesia, muuzaji mkubwa kuliko wote, ilisimamisha usafirishaji, kisha mwaka 2020 ikaanza kuruhusu tena yale yaliyopandwa. Katika pengo hilo, aliyekuwa na taa nzuri na maji yaliyotulia alikuwa na kiwanda. Tumbawe mama hukatwa vipande, kila kipande hubandikwa kwa gundi kwenye kitako kidogo, na baada ya muda huuzwa. Mashamba kama ORA ya Fort Pierce, Florida, hufanya hivyo kwa wingi. Wafugaji wa nyumbani hufanya kwa vipande vichache. Maduka mengi huwalipa hawa wa nyumbani kwa salio la dukani badala ya fedha taslimu, na salio hilo huishia kwenye ndoo ya chumvi na chupa za vitendanishi.