Butembo na Beni: Raia wanajenga uchumi wa vijiji kwa nguvu zao, lakini njia na usalama mdogo vinawakwamisha

Kwa miaka mingi, kahawa inayolimwa kwenye miteremko ya mlima Ruwenzori, wilayani Beni, ilitoka Kongo bila jina. Ilivushwa kwenda Uganda kwa magendo, ikachanganywa na kahawa nyingine na kuuzwa kama mazao ya nchi ile. Mkulima wa Kongo alibaki na bei ndogo, na serikali ya Kongo haikupata kitu. Leo sehemu ya kahawa hiyo inauzwa ng'ambo ikiwa na jina la Kongo na la ushirika ulioikusanya. Mabadiliko hayo yalianza siku wakulima walipoamua kuweka mavuno yao pamoja kabla ya kuyauza.

Mfano unaojulikana ni ushirika wa Kawa Kanzururu, ulioanzishwa mwaka 2014 na wakulima wa sekta ya Ruwenzori. Wanachama wake wanatumia vituo vidogo vya kuoshea kahawa vilivyowekwa karibu na mashamba. Ukaribu huo una maana kubwa, kwa sababu kahawa ya arabika inatakiwa kumenywa siku ileile inapochumwa. Baada ya kumenywa inachachushwa, inaoshwa kwa maji safi, kisha inatandazwa juu ya vitanda vya waya ikauke polepole kwa wiki mbili au zaidi. Ikikaa kwenye gunia usiku mzima ingali mbichi, inaoza na kupoteza ladha, na mnunuzi wa ng'ambo hataitaka.

Mkulima mmoja peke yake hawezi kununua mashine, kujenga matangi na kulipa wasimamizi. Anahitaji takriban kilo 6 za matunda mekundu ili apate kilo moja tu ya kahawa safi ya kuuza. Lakini mamia ya wakulima wakileta mavuno yao mahali pamoja, mzigo unatosha kujaza kontena na kuzungumza bei na mnunuzi wa mbali.

Kabla ya hapo, wengi waliuza kahawa ingali maua. Mfanyabiashara alikuja mwezi wa njaa au wakati wa kulipa masomo ya watoto, akaacha makuta kidogo, na msimu ulipofika akabeba mavuno yote kwa bei aliyoiweka mwenyewe. Deni hilo ndilo lililomfunga mkulima kuliko kitu kingine. Ndiyo maana ushirika wowote wa vijijini unaotaka kudumu unalazimika kujibu swali moja: mwanachama atapata wapi pesa ya kula na kulipa shule kabla ya mavuno?

Sanduku lenye kufuli tatu

Jibu la wengi katika Beni, Butembo na Lubero ni vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vinavyojulikana kama AVEC. Likirimba ya zamani ilikuwa kuchanga na kupokezana zamu kwa zamu. AVEC inakwenda mbele zaidi. Watu kati ya 15 na 30 wanaofahamiana wanakutana kila wiki na kununua hisa, kuanzia moja hadi tano kwa kila mkutano. Pesa inahesabiwa mbele ya wote na kufungiwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Hakuna anayeweza kulifungua akiwa peke yake.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme kikundi kina watu 25, kila mmoja ananunua hisa tatu kwa wiki, na hisa moja ni franga 1,000. Kila wiki zinaingia franga 75,000. Baada ya wiki 48 ni franga 3,600,000, bila kuhesabu faida ya mikopo. Mwisho wa mzunguko, kila mtu anapata akiba yake pamoja na sehemu ya faida. Mfuko mdogo wa msaada unawekwa pembeni kwa ajili ya ugonjwa na misiba.

Wamama ndio wengi katika vikundi hivi. Benki inadai dhamana ya ardhi au nyumba, vitu ambavyo mara nyingi vimeandikwa kwa jina la mume au havina karatasi kabisa. Kwenye AVEC, dhamana ni kujulikana na wenzako. Mama anakopa ili anunue mbegu za maharagi, mafuta ya mawese au nguo za kuuza sokoni, naye anarudisha kwa sababu wiki ijayo atakaa tena mbele ya watu walewale.

Udhaifu upo pia. Franga inaposhuka thamani mbele ya dolari, akiba ya mwaka mzima inapungua ndani ya sanduku. Na kijiji kinapokimbia vita, kikundi kinalazimika kugawana pesa kabla ya wakati, na mikopo mingine hairudi.

Desturi iliyotangulia

Kazi ya pamoja si jambo geni huku. Monsinyori Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, anakumbukwa kwa jinsi alivyowahimiza waumini na wafanyabiashara kutengeneza barabara na kujenga shule na hospitali bila kusubiri Kinshasa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989 kwa moyo huohuo. Wafanyabiashara wa mji huo, wanaofuata bidhaa hadi Dubai na China, walichanga kwa ajili ya kazi nyingi za mji ambazo kwingine zingefanywa na dola.

Wakulima nao walijipanga. SYDIP, chama cha kutetea masilahi ya wakulima, kilizaliwa mwaka 1993. LOFEPACO, yenye makao yake Butembo, inaunganisha vyama vya wamama wakulima na kudai haki yao ya ardhi. COOCENKI inaunganisha vyama vya ushirika vinavyokusanya na kuuza mazao kama mahindi, maharagi na kahawa.

Mahali nguvu za raia zinapoishia

Kuna mambo ambayo sanduku la kufuli tatu haliwezi kutatua. La kwanza ni njia. Barabara nyingi za kupeleka mavuno sokoni ni za udongo, na zinatunzwa na kamati za wenyeji zenye majembe na mikokoteni. Zinafungwa kwa kizuizi mvua inaponyesha ili malori yasizichimbe. Kazi hiyo inasaidia, lakini daraja likivunjika, majembe hayatoshi.

Bariere za kodi nazo zinakula faida. Mwaka 2017, watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu bariere 798 kwenye barabara za Kivu mbili, nyingine za watumishi wa serikali na wanajeshi, nyingine za makundi yenye silaha. Kila mahali gunia linaposimamishwa, bei ya mkulima inashuka, kwa kuwa mnunuzi anakata gharama hiyo kwake.

La pili, na zito zaidi, ni usalama mdogo. Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewatoa watu mashambani katika wilaya ya Beni. Sehemu za Ruwenzori, Watalinga na Mbau zimeguswa, na huko ndiko kakao na kahawa zinakolimwa. Mavuno ya kakao yanaibwa shambani, na wapo waliouawa wakichuma. Utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021, na operesheni ya pamoja na jeshi la Uganda iliyoanza Novemba mwaka huohuo, havijamaliza hofu hiyo. Upande wa kusini, waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, mashamba na masoko ya Lubero ya kusini yalivurugika, na safari ya mizigo kati ya Butembo na Goma ikazidi kuwa ngumu.

Ushirika unaweza kuvumilia bei mbaya msimu mmoja. Hauwezi kuvumilia miaka ambayo mwanachama haoni shamba lake. Mikahawa isiyopaliliwa wala kukatwa matawi inazeeka, magonjwa yanaingia, na mnunuzi aliyengoja mzigo anaenda kutafuta kwingine.

Kinachoweza kulindwa

Hata hivyo, mengi yako mikononi mwa wanachama wenyewe. Sheria ya OHADA kuhusu vyama vya ushirika, ambayo Kongo iliingia chini yake mwaka 2012, inaruhusu watu 5 tu kuanzisha ushirika mdogo, na 15 kuanzisha ule wenye baraza la uongozi. Kila mwanachama ana kura moja, awe na miti 50 au 5,000. Mkutano mkuu una haki ya kuona hesabu za mwaka na kuwaondoa viongozi. Vyama vingi vilivyokufa katika nchi hii vilianza kuoza pale hesabu zilipobaki kwenye begi la mwenyekiti.

Kwa upande wa dola, deni linajulikana. Kifungu cha 175 cha katiba kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo, na sehemu yake inapaswa kufika kwenye miji, sekta na masultani. Raia wa Beni na Butembo wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kukusanya kahawa, kutunza sanduku na kulipa madeni kwa wakati. Daraja, ulinzi wa mashamba na kuondolewa kwa bariere zisizo na sheria ni sehemu iliyobaki, na hakuna kikundi cha watu 25 kinachoweza kuichanga.