Je, Wajua? Nyonga za Mjamzito Zinapouma Usiku

Je, wajua kwamba takriban mjamzito 1 kati ya 5 hupata maumivu ya nyonga, kinena au kiuno yanayomsumbua kutembea, kugeuka kitandani na kulala? Hayo si madeko. Singida, kama kwingine nchini Tanzania, mama akilalamika huambiwa upesi kwamba mimba si ugonjwa. Kweli si ugonjwa, lakini kiungo kilicholegea kinauma, na anayeumwa ana haki ya kusaidiwa.

Je, wajua kwamba mifupa miwili ya mbele ya nyonga haijashikana moja kwa moja? Hukutana kwenye kinena, na katikati pana gegedu lenye upana wa milimita 4 hadi 5. Wakati wa ujauzito nafasi hiyo huongezeka milimita 2 au 3, upana wa punje ya uwele tu. Punje hiyo ndiyo inayomwandalia mtoto njia, na kwa baadhi ya akina mama ndiyo inayowanyima usingizi.

Je, wajua kwamba homoni inayolegeza kano za nyonga iligunduliwa kwa simbilisi? Mwaka 1926 mwanasayansi Mmarekani, Frederick Hisaw, aliwadunga simbilisi majike maji ya damu ya wanyama wenye mimba, akaona nyonga zao zinalegea. Homoni hiyo ikaja kuitwa rilaksini. Katika mwili wa mwanamke huwa nyingi zaidi miezi 3 ya kwanza, kwa hiyo usishangae mtu akianza kuumwa kabla tumbo halijachomoza. Hata hivyo, rilaksini peke yake haielezi nani ataumwa na nani atasalimika. Uzito unaoongezeka, mwendo unaobadilika na kiuno kilichowahi kuumia navyo vimo.

Je, wajua kwamba maumivu ya usiku mara nyingi ni deni la mchana? Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa takriban kilo 20, na uzito wote huo, kutoka kichwani, hushukia nyonga. Ongeza palizi ya alizeti au vitunguu kwa jembe la mkono, mgongo umeinama tangu asubuhi, kisha mtoto mkubwa abebwe ubavuni, mguu mmoja ukilemewa kuliko mwingine. Jioni mama anaona yuko salama. Saa 8 za usiku anataka kugeuka, na hapo kilio kinaanza. Punguza ndoo iwe nusu, safari ziwe mbili. Palilia kwa vipindi vifupi ukikaa kupumzika. Vaa nguo ukiwa umekaa, maana kusimama kwa mguu mmoja ni miongoni mwa mambo yanayotonesha zaidi kiungo cha kinena.

Je, wajua kwamba kugeuka kitandani kuna namna yake? Wengi hurusha mguu mmoja kwanza, mwingine ukafuata, na mifupa ya nyonga ikavutwa huku na huku. Fanya hivi: kunja magoti yote mawili, yabane kama umeshikilia kitu katikati, kaza tumbo kidogo huku ukitoa pumzi, kisha geuka mwili mzima kwa pamoja, mabega na nyonga zikienda sawa. Kuamka ni vilevile: lala ubavu, shusha miguu miwili kwa pamoja nje ya kitanda, jisukume kwa mikono hadi ukae. Tulia kidogo ndipo usimame. Kitanda cha kamba kilicholegea, au godoro lililobonyea katikati, hufanya kazi hii kuwa ngumu mara mbili. Kaza kamba, au geuza godoro.

Je, wajua kwamba mto mmoja katikati ya miguu unaweza kubadilisha usiku mzima? Ukilala ubavu, paja la juu huanguka mbele na kuivuta nyonga. Weka mto kuanzia magotini mpaka kwenye vifundo vya miguu, paja la juu lilale sawa na la chini. Si lazima uwe wa dukani. Mto wa sufi unafaa, na blanketi kuukuu lililoviringishwa ndani ya kanga linafaa vilevile. Mto mwingine mwembamba uweke chini ya tumbo.

Je, wajua kwamba ubavu wa kulia nao unaruhusiwa? Kwa miaka mingi akina mama waliambiwa kushoto tu, wakavumilia nyonga moja iliyokwisha kuwaka moto. Tafiti zilizoanzia Auckland, New Zealand, na kuanza kuchapishwa mwaka 2011, zimefanya ushauri wa sasa uwe huu: kuanzia wiki ya 28 usianze usingizi ukiwa chali, lala ubavu wowote. Ukishtuka umelala chali, usiogope, geuka tu.

Je, wajua kwamba safari ya chooni usiku ni sehemu ya maumivu haya? Choo kiko nje, upepo wa Singida unavuma, na mwenye nyonga mbovu lazima achuchumae na kuinuka. Ndoo yenye mfuniko chumbani ni msaada mkubwa, wala si aibu.

Je, wajua kwamba diklofenaki na ibuprofeni si dawa za mjamzito kujinunulia? Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuanzia wiki ya 20 dawa za kundi hilo zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Paracetamol ndiyo inayotumika kwa kawaida, kwa kipimo alichokuelekeza mtoa huduma.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linashauri mazoezi ya mara kwa mara wakati wa ujauzito ili kuzuia maumivu ya kiuno na nyonga? Limetaja pia fiziotherapia na mikanda ya nyonga. Kanga iliyokunjwa na kufungwa chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, huwashikilia wengine vizuri wanapotembea. Ikizidisha maumivu, ifungue.

Je, wajua maumivu yasiyongoja asubuhi? Yanayokuja na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, yenye damu au maji ukeni, homa, mkojo unaochoma, mguu mmoja uliovimba, ganzi katikati ya mapaja, au mtoto kupunguza kucheza. Nenda kituo cha afya. Kwa dharura, piga bila malipo 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito. Usafiri hutafutwa kutoka hapo.

Je, wajua kwamba wengi wenye maumivu haya hujifungua kwa njia ya kawaida? Mwambie mkunga mapema, yaandikwe kwenye kadi ya kliniki. Pimeni pamoja ni kiasi gani unaweza kutanua magoti bila kuumia, ili siku ya uchungu asikupanue zaidi ya hapo. Kujifungua ukiwa umelala ubavu, au umepiga magoti na kushika chini, kunawezekana.

Na wewe baba unayesoma hapa: viringisha lile blanketi leo usiku, na ndoo ya maji ya kesho uibebe mwenyewe.