Mongomi wa Kolo

Mongomi wa Kolo (pia: Mungumi wa Kolo) ni mwamba mkubwa wenye michoro ya kale katika Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma, Tanzania. Ni sehemu ya Michoro ya Miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kwa Warangi wanaoishi jirani si makumbusho tu: bado panafanyika matambiko ya kuomba mvua na uponyaji.

Michoro

Michoro mingi ni ya rangi nyekundu, nayo huonyesha twiga, tembo na watu wembamba warefu. Huhusishwa na wawindaji waliokuwa mababu wa Wasandawe. Ile myeupe ni ya baadaye, nayo huhusishwa na wakulima na wafugaji. Mary Leakey alinakili michoro ya eneo hilo mwaka 1951. Mchoro mmoja maarufu wa watu watano aliueleza kuwa ni wa utekaji wa mwanamke; wengine wanaona humo ngoma ya uponyaji ya Wasandawe iitwayo simbo. Jina la "utekaji" limedumu pengine kuliko linavyostahili.

Tambiko na hifadhi

Katika tambiko, mbuzi huchinjwa na pombe ya nafaka hutolewa kwa mizimu. Pombe ikirushwa juu ya mwamba huharibu rangi, na hapo ndipo wahifadhi na wenyeji wanapogongana. Hata hivyo, tambiko lenyewe ni sababu mojawapo ya mahali hapo kuthaminiwa na UNESCO, hivyo kulipiga marufuku ni kuondoa nusu ya urithi wenyewe. Uharibifu mwingine hautokani na ibada: watu wamechimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu wanayoamini ilifichwa na Wajerumani.

Ziara za vikundi

Kikundi kinachotoka Shinyanga hupita Tinde, Nzega, Igunga, Singida na Katesh hadi Babati, kisha hushuka kusini kwa barabara ya Kondoa hadi kijiji cha Kolo. Ofisi ya hifadhi iko hapo, na huko ndiko hupatikana mwongozaji. Mwamba uko kilomita kadhaa kutoka kijijini na sehemu ya mwisho hupandwa kwa miguu. Kwa mwanafunzi wa Kisukuma, aliyezoea kusikia habari za matambiko kwenye makaburi ya watemi, mambo ya Kolo si mageni sana.

Michoro haiguswi wala kuloweshwa. Maji huifanya ing'ae kwa muda mfupi, mzuri kwa picha, kisha huifubaza. Kikundi kikikuta tambiko linaendelea, ni heshima kusubiri mbali na kutopiga picha bila ruhusa ya wazee.

Ulinganisho na Uluru

Mgogoro kama huo umetokea Uluru, mwamba mtakatifu wa Waanangu katika jangwa la Australia ya kati. Serikali iliwarudishia ardhi tarehe 26 Oktoba 1985, lakini watalii waliendelea kuupanda, ingawa wenyeji waliwaomba wasifanye hivyo. Upandaji ulipigwa marufuku tarehe 26 Oktoba 2019, baada ya uamuzi wa bodi ya hifadhi ambamo Waanangu ndio wengi. Kolo hakuna anayekatazwa kufika. Kinachobishaniwa ni nani apange masharti ya kufika.