Somo la Afya: Macho Yanayokauka Kazini

Ndugu wanafunzi wa Kasulu na Kibondo, somo letu la leo ni habari ya macho yanayokauka.

Hali ya hewa ya kwenu mnaijua. Huko milimani mvua hukoma mwezi wa Mei, na kuanzia Juni mpaka Septemba ni kiangazi. Hewa huwa kavu, upepo hurusha vumbi jekundu, na watu huchoma nyasi. Wakati huo karani anayeshinda ofisini akiandika daftari, au akitazama kompyuta, husikia macho yakimwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Hata ninyi mnaojifunza kusoma huenda mkasikia hivyo.

Je, sababu yake ni nini? Jicho limefunikwa na machozi mepesi. Ndani yake mna maji na ute, na juu yake mna mafuta kidogo yanayozuia maji yasikauke upesi. Kila tunapopepesa kope, machozi hayo hutandazwa upya. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika moja. Lakini akikaza macho kwenye maandishi, husahau kupepesa. Hewa kavu huyakausha machozi, wala hayatandazwi mengine.

Basi fanyeni hivi. Kila baada ya dakika 20, acheni kusoma. Tazameni mlima au mti ulio mbali kwa sekunde 20, kisha fumbeni na kufumbua macho polepole mara kadhaa. Msikae mahali ambapo upepo wa dirisha au wa feni unawapiga usoni. Kompyuta iwe chini kidogo ya macho, ili kope zifunike sehemu kubwa ya jicho. Nyunyizeni maji sakafuni kabla ya kufagia.

Wako watu ambao macho yakiwasha hutia maji ya majani, maziwa, au hata mkojo. Msifanye hivyo! Vitu hivyo huweza kuleta kidonda katika jicho, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe. Jambo lililoanza kwa kuwasha tu laweza kuishia katika upofu. Mwulizeni mganga wa zahanati. Ziko dawa za matone zinazofanana na machozi.

Jicho likiuma sana, likitoa usaha, au likipungua kuona, huo si ukavu wa ofisini. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto asiyeona vizuri jioni, huenda amekosa vitamini A. Mpelekeni zahanati upesi. Chakula chenye vitamini hiyo hakiko mbali: mafuta mekundu ya mawese, maembe mabivu, na mboga za majani.

Sasa zungumzeni darasani:
1. Kwa nini msomaji hukaukwa na macho?
2. Katika darasa lenu, upepo na vumbi huingilia wapi? Mtafanya nini?
3. Ni vitu gani havifai kutiwa machoni?

Kwa herini mpaka somo lijalo.