Chokaa shambani Rubavu: pima udongo kabla ya kununua

GISENYI - Mkulima anayenunua mbolea kwa mkopo na kuitia kwenye udongo wenye asidi nyingi anaweza kuvuna kidogo na kubaki na deni. Katika Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, hasara hiyo huwafikia pia wafanyabiashara wadogo, kwani viazi mviringo, vitunguu, karoti na kabichi za huko zimekuwa zikivushwa kwenda soko la Goma kwa miaka mingi.

Dawa inayojulikana ni chokaa, ambayo Wanyarwanda huiita ishwagara.

Asidi ya udongo hupimwa kwa kipimo cha pH, na 7 ndiyo katikati. Ikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini huyeyuka na kudumaza mizizi. Fosiforasi nayo hunaswa na alumini na chuma, hivyo sehemu kubwa ya mbolea ya DAP haiufikii mmea. Mvua nyingi za milimani huosha kalsiamu kutoka ardhini, na mbolea za DAP na urea zikitumika miaka mingi huongeza asidi.

Chokaa hurudisha kalsiamu na kupunguza asidi. Hata hivyo, chokaa haichukui nafasi ya mbolea. Kazi yake ni kuiwezesha mbolea na samadi kufanya kazi. Maharage na mahindi ni miongoni mwa mazao yanayonufaika.

Gharama iko barabarani

Kiwango cha tani 2.5 kwa hekta ni sawa na gramu 250 kwa kila mita ya mraba. Shamba la mita 50 kwa 20 litahitaji kilo 250, yaani mifuko 5 ya kilo 50. Huo ni mzigo mzito kwa bidhaa ya bei ndogo, kwa hiyo usafiri hula sehemu kubwa ya fedha. Rubavu ina nafuu kidogo, kwani mawe ya chokaa yanachimbwa Musanze, kilomita zipatazo 60 kwa barabara. Wakulima wanaoagiza lori kwa pamoja kupitia ushirika hugawana nauli.

Si kila shamba linahitaji

Udongo wa Rubavu haufanani. Ule wa karibu na volkano, kama Bugeshi na Busasamana, una asili ya majivu na mawe ya volkano, na kwa kawaida una rutuba kuliko ule wa safu ya milima ya Kongo-Nile kuelekea Rutsiro na Ngororero, ambako asidi ni tatizo kubwa.

Aidha, kiazi huvumilia asidi kiasi. Chokaa ikizidi, huchochea ugonjwa unaotia magamba kwenye ganda la kiazi. Kiazi hicho huliwa bila madhara, lakini mnunuzi hukiona na kushusha bei.

Kwa sababu hiyo, kupima udongo ndiyo hatua ya kwanza. Baada ya hapo chokaa husambazwa wiki kadhaa kabla ya kupanda na kuchanganywa na udongo kwa jembe hadi kina cha sentimita 15 au 20. Haifai kuchanganywa na urea au samadi mbichi siku hiyo hiyo, kwani naitrojeni hupotea hewani.

Faida yake hudumu misimu kadhaa. Kwa hiyo mkulima anayefanya hesabu asiilinganishe gharama ya chokaa na mavuno ya msimu mmoja tu.